Historia ya Marehemu Randa na Roshani Aliyoijenga

Ndugu, jamaa na majirani mliotoka mbali na karibu, poleni kwa safari na asanteni kwa kukaa nasi tangu Jumanne. Yanayosomwa hapa yameandikwa nyumbani kwa marehemu na yanasomwa na mdogo wake, neno kwa neno, kama ilivyokubaliwa katika kikao cha familia cha jana, kikao kilichokuwa kirefu kwa sababu wapo waliotaka habari ya kifo iwe mstari mmoja tu, na mkewe akakataa, akasema mtaa mzima umeshaambiwa kwamba mumewe ameuawa na uzembe wake yeye mke, basi mtaa huohuo usikie habari yote, ndipo uamue.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa tatu kati ya watano wa mwalimu wa shule ya msingi na mshonaji wa nguo, na inasemekana alijua kupigilia msumari kabla hajajua kufunga vifungo vya shati. Akiwa na miaka minane alimtengenezea mama yake rafu ya jikoni, ikainama upande mmoja hata sufuria zikawa zinateleza, mama akaisawazisha kwa kipande cha tofali, akamsifia mwanawe mbele ya wageni, na huenda hapo ndipo alipoionja sifa ikamkolea.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1969 hadi 1975, na sekondari kuanzia 1976 hadi 1979, ambako katika kazi za mikono alikuwa wa kwanza na katika hesabu alishika mkia. Tarehe 2 Februari 1981 aliajiriwa na idara ya maji kuwa mtunza stoo, kazi aliyoifanya kwa miaka thelathini na mitano bila barua hata moja ya onyo, mpaka alipostaafu tarehe 30 Juni 2016, lakini kila aliyemjua anajua kwamba stoo ilimlisha tumbo na mbao zikamlisha moyo. Kila Jumamosi alikuwa uani na randa yake, maranda yamemjaa kichwani kama mvi, na ndiyo maana mtaa ukamwita Randa, jina lililomshika hata ofisini wakasahau lile la kwenye faili.

Alifunga ndoa tarehe 22 Agosti 1987 na binti aliyekuwa mpokea wagonjwa katika zahanati, wakajaliwa watoto watatu, wa kike mwaka 1988, wa kiume mwaka 1991, na kitinda mimba, wa kike, mwaka 1997. Haki yake apewe: hakuna mtoto wake aliyewahi kulala kwenye kitanda cha kununua, na zaidi ya nyumba kumi za mtaa huu zina meza, stuli au kabati lililotoka mikononi mwake, na akikuahidi dirisha Ijumaa, Ijumaa utafunga dirisha. Hasira hakuwa nazo, pombe hakuwa nayo. Alichokuwa nacho ni kwamba kitu kikishakwisha kujengwa hakikumhusu tena.

Mwaka 1999, kuanzia Januari hadi wiki ya tatu ya Disemba, alijenga roshani ya ghorofa ya juu kwa mikono yake, nguzo nne, sakafu ya mbao, na reli iliyochongwa maua ambayo watu walisimama barabarani kuitazama. Ilikuwa nzuri, hakuna anayebisha. Lakini mbao inayokaa nje inakunywa jua na mvua mwaka mzima, na kila mwaka kabla ya mvua inataka kukwaruliwa, kupigwa msasa, kuachwa siku tatu ikauke, kisha kupakwa mafuta mara mbili, hasa kwenye ncha zilizokatwa na kwenye miguu ya nguzo, ambako maji huingia kwanza. Mwaka wa kwanza marehemu alifanya. Mwaka wa pili alikuwa na benchi la kujenga, wa tatu geti, wa nne nyumba ya mbwa ambaye hatukuwa naye, na kazi ya kurudiarudia haikumkaa mwilini.

Tangu mwaka 2001 hadi 2021, miaka ishirini na mmoja, roshani ile ilikwaruliwa na kupakwa mafuta na mkewe, akitoka kazini, kitambaa kichwani, watoto wakishika ngazi. Wageni walikuja, wakapapasa reli, wakasema, "Randa, mbao zako hazizeeki bwana!" naye akacheka akajibu, "Siri ya fundi hiyo, ndugu yangu," na mwenye siri yuko jikoni anachemsha chai, mafuta yamemganda kwenye kucha. Jambo hilo halikumuua mtu. Linatajwa hapa kwa sababu bila hilo linalofuata halieleweki.

Februari 2022 mama mzazi wa mkewe alipooza upande mmoja, na mkewe akaenda kumuuguza mpaka alipomzika, Novemba 2023. Kabla ya kuondoka alinunua mafuta, akafua brashi, akaandika kazi yote hatua kwa hatua kwenye karatasi, akaibandika ndani ya mlango wa stoo ya uani. Kila mwaka kabla ya mvua alipiga simu, "Baba watoto, umeshapaka?" na kila mwaka alijibiwa, "Nimepaka, mama watoto, usinifundishe kazi." Hakupaka. Alikuwa anatengeneza kabati la vyombo kwa ajili ya kitinda mimba, ambaye harusi yake ilikuwa imepangwa tarehe 6 Januari 2024.

Mkewe aliporudi alikuta roshani inang'aa kwa rangi nzito ya kahawia, na marehemu amesimama chini yake mikono kiunoni. Alikuwa ameipaka wiki ya mvua, juu ya mbao mbichi, wageni wasije wakaona ilivyochakaa, wakati yeye kuliko sisi sote alijua kwamba mbao ukiifungia maji ndani inaoza kimyakimya. Uzuri wa mkakasi. Mkewe alichukua bisibisi akaichoma mguuni mwa nguzo ya kona, nayo ikazama mpaka kwenye mpini kama inachoma kiazi kilichoiva. Alimwambia, "Nguzo hii imekufa." Akajibiwa, "Ni rangi bado laini." Akaomba mlango wa roshani upigiliwe ubao mpaka nguzo ibadilishwe. Akajibiwa, "Unataka wakwe waje wakute nyumba ya Randa imefungwa kwa ubao?" Akafunga kamba mlangoni, kamba ikakatwa asubuhi yake. Alichoweza ni kuwakataza wajukuu kukanyaga huko, wakamtii.

Harusi ilipita salama, watu wakasimama pale wakapiga picha, na kwa wiki kadhaa marehemu alikuwa akimuuliza mkewe mezani, mbele ya watoto, "Haya, daktari wa mbao, mgonjwa wako hajambo?" Wote wakacheka. Naye mkewe alicheka kidogo, kwa sababu alikuwa amechoka, na kwa kucheka huko hajajisamehe.

Jumapili tarehe 17 Machi 2024, saa kumi jioni, marehemu aliwapandisha roshani wenzake wawili wa zamani wa idara ya maji awaonyeshe maua ya reli, akaegemea kwa nyonga kama alivyozoea, nguzo ya kona ikakatika, akaanguka na reli mpaka kwenye sakafu ya saruji. Majirani waling'oa mlango wa stoo kwenye bawaba zake wakambeba juu yake hadi kwenye gari, ile karatasi ya mkewe ya hatua za kupaka mafuta ikiwa bado imebandikwa chini ya mgongo wake.

Alivunjika nyonga na mbavu tatu, kisha mapafu yakaingia maji, lakini sauti na akili alikuwa nazo siku zote ishirini na tatu alizolala wodini. Dada yake mkubwa alisema pale kitandani, mbele ya watu, "Nyumba ikiachwa miaka miwili na mwanamke, mlitegemea nini? Wifi, ulikwenda kuuguza au kuhama?" Marehemu alikuwa macho. Alitazama dari. Watu walipoondoka alimwambia mkewe, "Sema ni mchwa." Mkewe akamwambia, "Mchwa gani? Tangu tuhamie hatujaona mchwa hata mmoja." Akasema, "Nimekuomba, mama watoto." Mkewe akamgeuza, akamsafisha mgongo. Alifariki Jumanne tarehe 9 Aprili 2024, saa nne na dakika arobaini asubuhi, mkewe akibadilisha foronya.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanaume, hasa muuguzi wa zamu ya asubuhi aliyempa mkewe kiti chake akakaa yeye kwenye ndoo. Inawashukuru majirani waliombeba, na wafanyakazi wa idara ya maji waliochimba kaburi wenyewe. Inamshukuru pia dada mkubwa, ambaye amepika tangu Jumanne bila kukaa, na ambaye alisema mbele ya watu na leo amesikia mbele ya watu, na mkewe marehemu hana zaidi naye.

Siku ishirini na tatu ni nyingi. Sentensi moja ingetosha, akiisema kwa dada yake, au kwa daktari, au hata kwa ukuta, mtu akasikia. Hakuisema. Mdogo wake anayesoma hapa ana sauti kama yake, wengi wenu mmekuwa mkiwachanganya kwenye simu, na ndiyo sababu ameombwa asome yeye, aiseme kwa niaba yake kabla hatujamfukia: "Mke wangu aliniambia, nikamcheka."

Imesemwa. Sasa lala kwa amani, Baba watoto.