Anatolia Komujuni, Aliyewaambia Watoto "Nipo"

Ndugu, majirani, na ninyi mliotembea tangu alfajiri, haya ni maisha ya dada yetu kama yalivyoandikwa na mdogo wake, Eugenia, ambaye ndiye anayewasomea. Marehemu aliagiza asipambwe. Alisema, "Mkinisifu mno, watu watajua kuna jambo mnalificha." Basi hatutaficha, hata pale ambapo mngependa tufiche.

Anatolia alizaliwa Ihanda tarehe 14 Februari 1911, kifungua mimba wa marehemu mzee Rwegasira. Alizaliwa kabla ya siku zake, mdogo kama embe dodo, na bibi yetu akasema huyu hafikishi wiki. Alifikisha miaka arobaini na sita na miezi saba, na bibi alimwomba radhi mara nyingi kabla ya kufa kwake.

Mwaka 1920 aliingia shule ya misheni, akasoma hadi 1925. Kiswahili alikijua kuliko sisi wote, ila ulimi wake wa Kinyambo ulikataa herufi moja tu. Mwalimu akimwambia sema "lala", yeye anasema "rara". Akarudishwa nyuma ya darasa atamke mara mia. Alipofika mara ya themanini hivi, mwalimu mwenyewe akaropoka, "Rara vizuri!" Darasa zima likaangua kicheko, naye Anatolia akapewa ruhusa ya kukaa. Hadithi hii aliipenda sana, akaisimulia hata sauti yake ilipokuwa imeanza kukwaruza.

Kwa Kiswahili hicho alipata kazi. Mwezi Mei 1928 aliajiriwa kuwa mkalimani katika zahanati moja ndogo upande wa Bugene, kwa daktari Mjerumani ambaye watu walimwita Bwana Polepole, kwa kuwa hakuwahi kuonekana akiharakisha jambo. Daktari huyu alikuwa na tiba ambayo wengi walidhani ni uganga wa kizungu. Aliwatibu watoto walioharibika moyo: mtoto anayekojoa kitandani akiwa na miaka kumi, anayeuma wenzake, aliyeacha kusema baada ya msiba. Hakuwapa vidonge wala sindano. Alimkalisha mtoto kwenye kigoda, akamwambia atazame kidole chake, akasema naye taratibu mpaka macho yakawa mazito. Mtoto akishakuwa hivyo, anasikia lakini hapingi, na lile analoambiwa linaingia ndani kabisa. Daktari aliuita usingizi wa maneno.

Lakini daktari alisema Kiswahili, na watoto walijua Kinyambo tu. Kwa hiyo sauti iliyowalaza ilikuwa ya Anatolia. Daktari akisema, "Hutaogopa tena," Anatolia anageuza. Na hapo, ndugu zangu, ndipo alipokosea, kosa ambalo kila mama aliyepo hapa angelikosea. Hivi, nani kati yenu anaweza kumwambia mtoto wa watu anayetetemeka maneno mawili makavu namna ile, halafu akanyamaza? Yeye aliongeza lake. Aliwaambia, "Hutaogopa tena, mwana wange, maadamu ndiho." Ndiho, yaani nipo. Kwetu neno hilo ni "nipo" na ni "niko hai" kwa pamoja, mtu haulizwi alikusudia lipi. Daktari hakujua Kinyambo. Aliona watoto wanapona, akaandika kwenye daftari lake, akafurahi.

Kwa miaka yote walikuwa watoto kumi na saba. Mwezi Septemba 1939, vita ilipoanza, serikali ilimchukua Bwana Polepole na hakurudi. Anatolia aliendelea peke yake hadi mwaka 1950, na maneno yakawa yale yale.

Tarehe 9 Januari 1932 alifunga ndoa na Pastory Rwegoshora, katekista. Shemeji alipokuja kuchumbia, baba alimwonya, "Huyu binti analaza watu." Pastory akajibu, "Baba, mimi nina shida ya usingizi siku nyingi." Walijaliwa watoto wawili, Rozi na Rugemalira. Waliishi vizuri. Waligombana kwa ajili ya chumvi tu, kwa sababu Pastory hula chumvi kama ng'ombe.

Ugonjwa ulianzia kooni, mwishoni mwa 1955. Februari 1956 Pastory alimpeleka Bukoba kutibiwa, mara yake ya kwanza kutoka Karagwe yetu hii, wakakaa huko majuma mawili. Aliporudi, alimkuta Verdiana anamsubiri mlangoni. Verdiana alikuwa miongoni mwa wale kumi na saba. Alipokuwa na miaka kumi alikuwa akiuma watu mpaka damu, na sasa ni mama wa watoto wanne. Alikuwa amefunga kitambaa mkononi.

"Shikamoo, mama," akasema. "Nimejiuma. Nilikuwa namenya ndizi, nikashtuka nyama yangu iko mdomoni."

"Lini?"

"Sasa ni kama majuma mawili, Jumatatu asubuhi."

Anatolia alimtazama mumewe. Jumatatu ile, asubuhi, ndipo walipopanda lori la kahawa kwenda Bukoba. Hawakuwa wamemwambia mtu.

Kesho yake alikuja Melkiory, mwingine wa wale kumi na saba, sasa mtu mzima mwenye duka, akalia kwa aibu: alikuwa anakojoa kitandani tena, tangu Jumatatu ile ile. Ikafika habari ya tatu kutoka hapa Rugera, na hiyo ndiyo iliyomkalisha chini dada yetu. Ilikuwa ya Novatus.

Wengi mnamfahamu Novatus, mfugaji, mume wa Placida. Asiyemfahamu ajue hivi. Mama yake alizama kwenye maji ya mafunjo yaliyo bondeni hapo chini, alikokwenda kukata matete ya mikeka. Novatus alikuwa na miaka minane. Tangu siku hiyo akawa anashuka majini, mchana kweupe, macho wazi. Ukimuuliza anakwenda wapi, anasema, "Mama ananiita." Alitolewa majini mara nne. Mwaka 1937 aliletwa kwa daktari amefungwa kamba kiunoni kama ndama. Anatolia akamwambia hataifuata tena ile sauti, maadamu ndiho. Hakuifuata kwa miaka kumi na tisa. Dada yetu akiwa Bukoba, Placida alimkuta mumewe amesimama majini, maji yamefika kifuani, akamvuta kwa shati mpaka likachanika.

"Mungu wangu," Anatolia alisema, "niliwafunga kamba, na ncha ya pili nimejifunga mimi."

Hakumaliza matibabu yake, kwa sababu hakuthubutu tena kutoka Karagwe. Mwaka mzima aliwaita wale watoto wake, sasa watu wazima wenye ndevu na wajukuu wanaokuja, akawakalisha kwenye kigoda mmoja mmoja, akawalaza, akaliondoa lile neno. "Hutaogopa, niwepo nisiwepo." Kumi na sita walikuja. Verdiana leo yuko hapa na mikono yake mizima.

Novatus alikataa. Alisema mtu mwenye ng'ombe hamsini hakai kwenye kigoda akatumbuliwa macho. Placida alipiga magoti, mumewe hakusikia. Alipokubali ilikuwa Julai mwaka huu, na sauti ya Anatolia ilikuwa imekwisha. Alifungua kinywa, kikatoka kitu kama upepo unaopita chini ya mlango. Akamwashiria mdogo wake aseme kwa niaba yake. Eugenia akasema maneno yote, kwa utaratibu ule ule, mara ya kwanza, ya pili, ya tano. Novatus alikaa macho makavu, usingizi haukuja. "Mama Eugenia, samahani," alisema mwishoni, "wewe si yeye." Kisha Novatus mwenyewe akaanza kulia, kwa maana sasa aliogopa kweli.

Anatolia alifariki nyumbani Ihanda, Jumanne tarehe 8 Oktoba 1957, saa kumi kasoro jioni. Pastory na Eugenia walikuwepo. Saa hiyo hiyo, kabla mjumbe yeyote hajaondoka Ihanda, Novatus aliuacha mlango wa zizi wazi na kuanza kushuka. Mdogo wake, Yustus, alimkamata kwenye matete. Tangu Jumanne hajauachia mkono wake, na mnawaona wameketi pale pamoja. Msiwacheke.

Sasa mnajua kwa nini leo hamkusimama kwenye migomba ya Pastory, ambako mke wa mtu huzikwa. Kaburi hili lililoko kando ya njia, kati ya nyumba ya Novatus na maji, alilichagua yeye. Alichora kwa kidole kwenye majivu, njia, nyumba, bonde, akaweka punje ya kahawa katikati. Kisha akaandika neno moja, NDIHO. Wazee walipinga. Walisema mwanamke hazikwi njiani kama msafiri asiye na kwao. Pastory aliwasikiliza mpaka wakachoka. "Alipokuwa mbali, walianguka," aliwajibu. "Alipokuwa karibu, walisimama. Kama neno ni kuwepo, basi na awepo. Mimi nitazikwa peke yangu. Novatus ana watoto watatu."

Kama itatosha, hatujui. Karatasi hii imechapwa jana, kabla hajazikwa hapa.

Marehemu ameacha mume, Pastory, watoto, Rozi na Rugemalira, mjukuu mmoja, mdogo wake, Eugenia, na wale watoto kumi na saba, ambao alisema waandikwe pamoja na wa tumbo lake. Tunaomba watu wa Rugera, mnaopita njia hii kila siku, mkifika hapa msalimieni kwa sauti, kama mnavyomsalimia mtu aliyeketi nje ya nyumba yake.

Na wewe Novatus, mwanetu, sikia. Ukiitwa kutoka kule chini, utapita hapa kwanza. Simama hapa. Yupo.

Bwana, mpe dada yetu amani na pumziko, lakini usimpeleke mbali.