Mzee Geresom Otim, Aliyeita Kwenye Mapango ya Wanale

1946–2006

Tumekuja hapa Mafubira kumsindikiza Mzee Geresom Otim, askari magereza mstaafu, mume, baba, babu, na mpima mapango. Wasifu huu unasomwa kwa Kiswahili. Tunajua wengi wenu mliisikia lugha hii mara ya kwanza mkiwa mmelala kifudifudi kando ya barabara huku askari akiwauliza kitambulisho. Marehemu aliitumia kuchumbia. Yeye alikuwa Mjopadhola, mjane wetu ni Mgisu, na hakuna lugha nyingine ambayo wangeweza kugombana kwayo. Vumilieni.

Mzee Otim alizaliwa tarehe 3 Machi 1946 karibu na Nagongera, Tororo, mtoto wa nne wa Mzee Owor na Mama Athieno. Mama yake alifariki mwaka 1951. Marehemu alisema kitu pekee alichokumbuka ni mgongo wake. Baada ya hapo alilelewa na mashangazi, kila mmoja kwa zamu, na kila mmoja akimrudisha akiwa amemaliza chakula.

Alisoma katika shule ya misheni na kumaliza mwaka 1961. Alifaulu hesabu, akaanguka somo la dini, jambo ambalo katika shule ya misheni linahitaji juhudi.

Tarehe 1 Agosti 1967 aliajiriwa katika magereza, hapa Jinja. Alifunga na kufungua lango lilelile chini ya serikali nyingi kiasi kwamba mwishowe aliacha kuhangaika na picha ya mkubwa ukutani, akabakiza msumari. Wako waheshimiwa aliowafungulia wakiingia na kuwapigia saluti wakitoka. Wako pia aliowafungulia wakiingia na hakuwaona tena. Hao hakuwataja kwa majina, na akinywa kidogo alikuwa anaondoka mezani kabla ya wengine kuanza kuulizana.

Gerezani ndipo alipompata mke. Mwaka 1971 msichana aitwaye Nambozo alikuwa akishuka kutoka Wanale, juu ya mji wa Mbale, kumletea chakula mjomba wake aliyefungwa Jinja. Sheria ilisema askari aonje chakula cha mfungwa. Afande Otim aliitii sheria hiyo kuliko zote. Alionja ndizi, akaonja maharage, akaonja tena ndizi kuhakikisha. Mjomba alikonda. Siku ya kupanga mahari, mjomba huyo, ambaye sasa alikuwa huru na mwenye kinyongo, alisimama mbele ya wazee akadai ng'ombe mmoja zaidi. "Huyu alikula mahari kabla ya kutoa," alisema. Akapewa. Ndoa ilifungwa tarehe 8 Januari 1972.

Hapa lazima tueleze mila moja ya upande wa mjane, maana bila hiyo maisha ya marehemu hayaeleweki. Mkwe wa kiume na mama mkwe hawaangaliani usoni. Hawakai chumba kimoja, hawasalimiani kwa mkono. Wakikutana njiani, mmoja anaingia kwenye migomba. Mama mkwe wa marehemu ni Mama Nabifo, na kwa miaka thelathini na minne yeye na mkwewe walijuana kwa visigino tu. Neno lolote kati yao lilipitia kwa Nambozo. Kuna neno moja ambalo marehemu alilingoja tangu mwaka 1979.

Mwezi wa Aprili mwaka ule vita vilikuwa vinakuja upande wetu. Marehemu aliwapeleka mke na watoto kwao Wanale. Huko alimkuta shemeji yake Gaster, mtoto wa pekee wa kiume wa Mama Nabifo, miaka ishirini na minne, fundi wa magari Mbale. Askari waliokuwa wakikimbia kwenda kaskazini walikuwa wanachukua mafundi na madereva kwa bunduki, na wengi hawakurudi. Mlima ule umejaa mapango. Zamani wazee walilazia ng'ombe humo na kuchimba chumvi ya mifugo. Marehemu alimwita shemeji pembeni.

"Ingia pangoni," alimwambia. "Usiambie mtu ni gani. Hata mama. Watu wakipigwa, watasema."

"Na mbuzi yangu?"

"Gaster, mbuzi iache."

"Afande, hiyo mbuzi iko na mimba. Siwezi acha."

"Basi chukua, ifunge mdomo. Na usitoke mpaka usikie sauti yangu. Hata ukiitwa na nani. Mimi mwenyewe nitakuja kukuita."

Kisha marehemu, mtu wa kazi, akarudi Jinja kulinda lango. Tarehe 22 Aprili Jinja ilitekwa, naye akakamatwa pamoja na wote waliovaa sare za serikali iliyoanguka. Alifungwa ndani ya gereza lake mwenyewe. Kijana aliyemfungia mlango alikuwa amefundishwa na yeye namna ya kuufunga, na marehemu alikiri kwamba aliufunga vizuri. Alitoka mwezi wa Novemba. Alipanda Wanale siku ileile aliyofika Mbale, akaita mpaka sauti ikakauka. Hakuna aliyeitika. Ndugu walikuwa wametafuta wakachoka. Gaster alikuwa ametii: hakumwambia mtu.

Mama Nabifo aliambiwa kila kitu. Marehemu mwenyewe alimtuma mke wake ayaseme yote, bila kupunguza. Kisha akauliza, "Mama anasema nini?"

"Anasema mukule," Nambozo akajibu.

Mwaka 1982 ukoo ulitaka kuzika mgomba badala ya mtu, kama inavyofanywa kwa aliyepotea. Mama Nabifo alikataa, hakutoa sababu. Marehemu aliuliza tena mama amesema nini. Safari ile alikuwa amesema mvua imechelewa.

Miaka iliyofuata ilikuwa na vita vyake, serikali zake, na foleni zake za sukari. Mwaka 1990, barabara ya Mbale ilipoanza kupitika bila kuhesabu vizuizi, marehemu alianzisha kikundi cha kujitolea cha kupima mapango. Hakikuwa na ofisi wala mfadhili, kwa hiyo kilifanya kazi. Alikuwepo Mwalimu Kagoya, mwalimu wa jiografia hapa Jinja, aliyetaka ramani ya mapango yote ya upande ule kwa sababu hakuna aliyewahi kuichora. Alikuwepo Bwana Sulait, mchinjaji wa Nakaloke, aliyekuwa na wake wawili na alihitaji mahali pa kwenda Jumamosi. Na vijana wengine waliokuja na kuondoka. Ijumaa jioni walitoka Jinja, wakalala kwa Sulait, asubuhi wakapanda na kamba ya kupimia, dira, tochi, na kofia za wajenzi. Jumapili walirudi wakiwa wananuka popo kiasi cha kupewa nafasi ya kutosha kanisani.

Utaratibu wao ulikuwa mmoja. Kabla kamba haijanyooshwa, Mzee Otim alisimama mdomoni mwa pango akaita, "Gaster, ni mimi. Toka." Wote walinyamaza. Kisha akasema, "Pimeni." Ilikuwa miaka kumi na zaidi tangu vita, na alijua kama sisi wote tunavyojua kwamba mtu hangeweza kuitika. Lakini aliahidi kuita.

"Afande," Sulait alimwambia siku moja, "huyo shemeji yako akiitika leo, usinitafute. Utanikuta Nakaloke nimejifungia."

"Utakimbia na tumbo hilo?"

"Tumbo nitaacha hapa."

Walikuwa na pango moja la kulia chakula, karibu na njia, pana na kavu. Ndani kulikuwa na ukuta wa mawe uliokandikwa udongo na mavi ya ng'ombe, kama zizi la ndama la zamani. Wanaume walikaa wameuegemea ukuta ule, wakala, wakachekana, wakalala kidogo. Marehemu aliupenda, alisema unamfaa mgongo. Pango lile halikuwahi kupimwa. Nani hupima jikoni kwake? Na kwa kuwa halikuwa la kupimwa, hakuna aliyeita pale.

Mwalimu Kagoya yeye alikula nje, kwenye jiwe, kwa sababu ya harufu. Jumamosi ya tarehe 16 Agosti 1997 mvua ilimwingiza ndani. Akawa anautazama ukuta nyuma ya vichwa vya wenzake.

"Nani alikandika huu ukuta?" aliuliza.

"Wazee," akasema Sulait. "Zizi."

"Zizi hukandikwa na wanawake. Hakuna mwanamke hapa mlimani angeacha kazi mbaya hivi, macho ya watu wengine yakaiona. Tazama vidole. Huyu ni mwanaume, na alikuwa na haraka."

Sulait aligonga kwa mpini wa kisu, ukuta ukalia utupu. Kisha akaacha kugonga, akamtazama mzee. Marehemu alikuwa tayari amesimama, amevua kofia. Wakamngoja. Akaita, maneno yaleyale, kwa sauti ya mtu anayeongea na aliye chumba cha pili. Halafu wakatoa mawe.

Gaster alikuwa amejenga ukuta, akaupaka kwa nje ufanane na zizi, akapita kwenye tundu na kuliziba akiwa ndani. Juu aliacha nafasi ya hewa. Baadaye aliziba nafasi ile kwa ovaroli lake la gereji, ndilo tulilomtambulia. Tunafikiri ni ili sauti ya mbuzi isisikike nje. Na tunafikiri ilikuwa baridi, kwa sababu alikuwa amewasha moto, na moshi haukuwa na pa kutokea. Alilala ubavu, na mbuzi amelala naye. Wanaume waliokula pale miaka saba walitoka nje kwenye mvua, na mmoja wao hakurudi kwenye kikundi tena.

Mifupa ilikuwa imechanganyika. Baba mdogo wa Gaster alisimama njiani akasema ukoo hauwezi kumzika mbuzi kwa sala. Sulait alikunja mikono ya kanzu, akapiga magoti juu ya mkeka, akaanza kuchambua, huku machozi yakimtoka na mdomo haufungi. "Hawa wameishi pamoja miaka kumi na minane," alisema. "Mimi nimezoea kuwatenganisha mbuzi na watu kwa dakika kumi. Nipeni nafasi." Vipande vichache vilimshinda. Marehemu akaamua kila chenye shaka kiende kaburini. Baba mdogo akauliza itakuwaje Siku ya Mwisho. "Gaster atatuambia," akajibu marehemu.

Siku ya maziko Mama Nabifo alikaa nyuma ya nyumba, kama mila inavyotaka. Marehemu alisimama upande mwingine, kofia imemfunika uso. Jioni aliuliza mama amesema nini. Nambozo alisema amelala mapema.

Tulidhani ataacha. Lakini baada ya Gaster, watu walikuja kutoka vijiji vingine kumuuliza kuhusu watu wao waliopotea. Kikundi kiliendelea mpaka mwaka 2004, na ramani ya Mwalimu Kagoya ikatimia, mapango thelathini na moja, na katika manne walikutwa watu. Kila mara marehemu aliita jina alilopewa na wenyewe. Alisema sasa anaita vizuri zaidi, maana hangoji jibu.

Mwaka 2004 alianza kukohoa. Daktari alieleza kwamba mapafu yamejaa ugonjwa unaotokana na vumbi la mavi ya popo. Marehemu alicheka mpaka akahitaji hewa. Alisema ameponea chupuchupu kwa serikali zote zile zenye risasi, kumbe kinyesi ndicho kinachomuua. Mwaka wa mwisho hakuweza kulala chali. Alilala akiwa amekaa, na usiku alimuuliza mkewe kama kuna ujumbe wowote kutoka Wanale. Alifariki nyumbani, Alhamisi tarehe 14 Septemba 2006. Ujumbe haukuwa umefika.

Maneno yafuatayo hayamo kwenye karatasi mlizoshika, kwa sababu zilipigwa chapa jana.

Mama Nabifo alifika kutoka Wanale usiku wa kuamkia leo na yuko kule jikoni. Asubuhi alitaka asomewe karatasi yote. Alisikiliza kuhusu pango, kuhusu mbuzi. Msomaji alipofika mwisho, kwenye orodha ya walioachwa, palipoandikwa "mama mkwe, Nabifo," akainua mkono.

"Hapo futa. Andika mama."

"Mama," Nambozo akamwambia, "ukiandikwa hivyo, itabidi uje mbele umwangalie. Mama wa mtu haketi jikoni."

"Kwani nimesema nini?"

"Na yale ya Gaster?"

"Nilikuwa nimekasirika," alisema Mama Nabifo. "Nilikasirika miaka mingi. Halafu hasira ikaisha, na sikuwa na njia ya kumwambia. Ungemwambia wewe, angesema umetunga umfurahishe. Nilitaka nimwambie mwenyewe, na mila haikubali. Sasa nimechelewa. Lakini nitamwona uso."

Kwa hiyo jeneza halitafungwa bado. Tunaomba walioketi upande wa jikoni wasogeze viti, njia ipatikane. Ndugu wa Wanale wenye pingamizi wampelekee yeye mwenyewe. Kwa hesabu ya miaka, Mama Nabifo atakuwa amemzaa marehemu akiwa na umri wa miaka kumi na miwili. Tafadhali msihesabu.

Mzee Otim ameacha mjane, Nambozo. Watoto watatu, Margret, Night na Odoi. Wajukuu sita, mmoja wao anaitwa Gaster. Marafiki Kagoya na Sulait. Na mama mmoja, Nabifo, anayekuja sasa.

Lala, mtoto wa Nabifo. Hakuna wa kumwita tena.