Bahari ya Kupakata

Jioni ile nikienda darasani kwa basi, mbele yangu alikaa mama mwokota chupa, amepakata mfuko mkubwa wa chumvi. Jirani yake, mwanamke fundi cherehani, hakuweza kuvumilia.

"Dada, chumvi yote hiyo, unapikia jeshi?"

"Naloweka chupa. Wakala anayezichukua anasema wanunuzi wa ng'ambo siku hizi wanataka plastiki iliyookotwa baharini. Ndiyo yenye bei."

"Na huku bahari iko wapi? Mimi sijawahi hata kuiona."

"Si hii nimeipakata!"

Nilicheka, kisha nikaomba toba kimoyomoyo kwa kuuchekea uongo. Fundi hakucheka.

"Wakigundua, huyo wakala atasema hakujui. Mwongo utakuwa wewe."

"Nikikataa, hachukui chupa zangu hata moja. Wanangu wale nini, ukweli?"

"Haya. Mbona chumvi hakununua yeye?"

Mama akautazama mfuko kana kwamba amewekewa na mtu. Basi likasimama kituoni kwake. Akainuka kwa shida.

"Nishikie kidogo, dada, nishuke."

Fundi akakunja mikono kifuani. "Hapana, mwenzangu. Bahari yako shuka nayo mwenyewe."