Clément Anatembea

Jumapili, misa ya pili ikishatoka, wanaume wa mtaa wa Albert walikuwa na njia mbili: kwenda nyumbani kula, au kwenda kwa Albertine kubishana. Kwa Albertine kulikuwa na taruma kuukuu la reli lililolazwa juu ya matofali, kando ya ukuta wa fundi baiskeli, na mbele yake babula lenye makaa mekundu na birika la kahawa. Waliokaa pale walikuwa na majina ya pale. Mumba aliitwa Radio, kwa kuwa habari ya kila mechi ilipita kinywani mwake kabla ya kufika kokote. Chola, mshona nguo, aliitwa Mètre. Alikuwa amempima kila kijana wa mtaa kiuno na miguu, na aliamini kwamba hata methali hupindwa pindo kama suruali. Donat, mpimaji mizigo wa stesheni, aliitwa Chef de gare, yaani mkuu wa stesheni, ingawa chef wa kweli alikuwa Mbelgiji ambaye hata jina la Donat hakulijua. Siku hiyo Donat alikuja na shati la kazi, akaketi mwishoni mwa taruma, akatazama ndani ya kikombe.

— Chef de gare, akasema Radio, leo si njo siku ya kwenda kwa baba yake Victorine, mchumba yako? Weye na yomba yako?

— Train ile haitoke.

— Yuu ya nini?

— Nimesema haitoke. Ongea baskete.

Wakaongea baskete, ule mpira wa kikapu. Na kuongea baskete mwaka ule kulikuwa kumwongea Clément, kijana wa Kasai aliyetoka shule ya mapadri, mchezaji wa Étincelle, timu yao. Alikuwa na mikono mirefu na macho ya upole, na mpira ulipomfikia ulitulia kama kuku aliyemzoea mwenyewe. Msimu uliopita Donat ndiye aliyekuwa mshabiki wake mkubwa. Msimu huu stesheni ilimpangia kazi kila Jumapili, na hii ya leo ilikuwa ya kwanza kupumzika; mechi alizipata Jumatatu, kwa mdomo wa Radio.

— Basi musikie, akasema Radio. Ekipe ya Jadotville inamutaka Clément. Banamupatia nyumba. Banamupatia na kazi.

— Kazi gani? akauliza Mètre.

— Kazi ya kucheza! Asubuhi anakaa mu biro, anaangaria dirisha. Mangaribi anaruka. Njo kazi.

— Mutu analipwa yuu ya kuruka?

— Kule njo vile. Chura angekuwa directeur.

— Aende, akasema Donat.

Albertine akaacha kupepea makaa.

— Unasema nini?

— Aende Jadotville. Aende Léopoldville. Aende kwabo Kasai na mikono yake. Étincelle itapumua.

— Mais Donat! akasema Radio. Si ni weye ulisema hapa, mutu atakayeacha Clément aende ni sawa anauzisha mama yake?

— Nilisema. Nilikuwa bado kumuyua.

— Sasa unamuyua?

— Ninamuyua. Iko na mupira ya motokari mu viatu, njo maana anaruka. Bakate vile viatu, mutaona mupira ya ndani.

Mètre akatikisa kichwa kwa huruma ya fundi.

— Hapana viatu, ni miguu. Mi nilimupima suruali Pasaka, nikamupima tena juzi. Kiuno ni ile ile. Miguu imekimbia. Wazee banasema: kinachokukula kiko mu nguo yako. Maana yake suruali inakulwa na miguu, inabaki mufupi.

— Haina maana ile, akasema Albertine.

— Mama, niache. Nikamuachia pindo mukubwa, maana samaki inakunjwa ikiwa mubichi. Mi nasema, Noeli ikifika, Clément ataingiza mupira akiwa amekaa ku kiti.

— Noeli atakuwa Amerika, akasema Radio. Kule kuko na shule, banatundika bavijana ku mbao kwa mikono, usiku muzima, asubuhi banashuka barefu. Ndege itakuya kumukamata pa Luano. Inatoboka mu paa, yuu kichwa yake ipite.

— Na mvua?

— Anavaa kofia.

Walicheka wote, ila Donat. Tangu Jumatatu hakuwa amecheka. Tangu Jumatatu alikuwa akipima mizigo na kuona mikono: mikono mirefu juu ya masanduku, mikono mirefu juu ya magunia ya unga, mikono mirefu juu ya bega la Victorine. Alipokula aliiona. Alipolala aliiona. Alikuwa amempenda kijana yule kama mtu anavyopenda wimbo, na sasa wimbo ule ulikuwa umeingia nyumbani kwake na kuketi kwenye kiti chake.

— Haba na haba, akaendelea Mètre, inajaza kitunga.

— Kitunga ya baskete haina matako! akasema Radio. Utajaza mpaka lini?

— Njo maana banacheza mpaka mangaribi.

— Ni mwizi, akasema Donat.

Sasa hakuna aliyecheka.

— Mwizi wa nini? akauliza Radio.

— Uniulize miye? Weye mwenyewe uliniambia!

— Miye?

— Jumatatu ile! Pa mulango ya stesheni! Ulipita na kinga yako, baiskeli ile, ukapiga kelele mbele ya bantu: «Clément anatembea, ndugu yangu! Anatembea sana! Padri mwenyewe amemukamata. Na Victorine alikuwa pale, akaficha uso!» Hukusema vile?

— Nilisema.

— Voilà.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Radio alipita na baiskeli yake, train ya Kamina ikapiga honi, na maneno yaliyobaki yakaliwa na honi. Donat hakumkimbilia kumuuliza. Mtaani kila mtu anajua kwamba kijana akisemwa «anatembea» hatembei peke yake. Anatembea na mwanamke wa mtu. Na mwanaume gani atamkimbilia mwenye baiskeli barabarani, aulize kwa sauti, mbele ya abiria, ni mwanamke gani? Alirudi kwenye mizani yake. Ijumaa akamwambia mjomba wake kwamba safari ya kwa wakwe haipo tena.

Radio alimtazama, akamtazama tena, kisha mabega yake yakaanza kutetemeka.

— Chef de gare. Ulifikiri alitembea na nani?

— Usinichezee.

— Alitembea na mupira!

— Na nini?

— Na mupira! Mu mikono! Hatua, hatua, hatua, bila kuidundisha! Ile tunaita marcher!

— Marcher ninayua. Nilikuwa nayua marcher mbele weye uzaliwe. Banasema marcher. Nani anasema kutembea?

— Padri mupya! Weye haukuye tena, haumuone. Anasema batoto habasikie kifaransa chake, basi anaarbitra na kiswahili. Anapiga filimbi, anainua mikono, analalamika: «Unatembea! Clément, unatembea tena!» Uwanja muzima sasa inasema vile.

— Na Victorine?

— Alificha uso sawa banamuke bote. Tulikuwa tunapoteza mechi!

Mètre alikuwa ameinama, machozi yakimtoka, akijipiga paja. Radio alimpa mkono, wakashikana wakacheka tena. Donat alicheka pia, mara moja, kicheko kifupi kama kikohozi. Mikono mirefu ikaondoka juu ya bega la Victorine, na bega likabaki peke yake.

— Na weye, akasema Albertine polepole, wiki muzima, haukumuuliza Victorine mwenyewe?

Donat aliweka kikombe chini. Alisimama, akaketi.

— Bado mapema, akasema Radio, sasa bila kicheko. Vaa koti. Chukua yomba yako. Mutasema mulichelewa mu misa.

Lakini mwanamke alikuwa akikata barabara kuja kwao, kitambaa cha kanisani bado kichwani, akitembea kwa haraka ya mtu asiyetaka kukutana na majirani. Alikuwa Honorine, dada mkubwa wa Victorine. Hakuwa amewahi kufika pale. Wanawake wa kwao hawakuja kwa Albertine. Wanaume wakasogea, wakampa nafasi. Hakuketi.

— Yambo, ba baba.

— Yambo, mama. Karibu kahawa.

— Asante. Balinituma kwa shemeji.

Donat akasimama.

— Yaya Honorine.

— Baba alivaa koti mbele ya misa. Hakuitoa. Mama alipika, bandugu ya baba balifika kutoka mutaa wa Kenya, banakaa mu cour ya nyumba, banaangaria mulango. Tulienda kwa yomba yako. Banasema ulimuambia hamukuye tena, akakasirika, akaenda zake Kipushi.

— Yaya, ilikuwa...

— Ngoja. Baba iko na maneno yake, mi sikutumwa na ile. Nimetumwa na Victorine. Yeye anauliza kitu moja tu.

Alivuta pumzi, kama mtoto anayetaka kutoa somo bila kukosea neno.

— Kosa yake ni nini?

Makaa yalilia kidogo. Donat alifungua mdomo. Akisema «hana kosa», basi wageni wale waliketi uani wakiaibika kwa ajili ya nini? Akisema alichofikiri, atakuwa amempa baba yake Victorine tusi la pili, kubwa kuliko la kwanza. Na hata akisema yote, hawezi kwenda nayo leo. Mtu haingii kwa wakwe bila mjomba wake, na mjomba alikuwa Kipushi na hasira zake.

— Hana, akasema. Hana kosa, yaya.

— Sasa yuu ya nini?

Donat alimgeukia Radio. Radio alikuwa akichora udongo kwa kidole cha mguu. Mètre alikohoa, akainua kidole kama mtu aliyekumbuka methali, akakishusha. Albertine aliinamisha birika juu ya kikombe cha mgeni. Yakatoka matone, kisha mashapo meusi, kisha hewa.

Honorine aliwatazama mmoja baada ya mwingine, wanaume waliojua miguu ya Clément na ndege za Amerika, hata akarudi kwa Donat. Kisha akakaza kitambaa chake kichwani.

— Haya, akasema. Nitamuambia niliuliza.