Aliyepiga Besi Ni Huyu

Ndugu waombolezaji, mimi ni mdogo wake marehemu, ninayemfuata kwa kuzaliwa, na familia imenikabidhi karatasi hii niisome kwa utulivu. Karatasi nitaisoma, utulivu siuahidi.

Kaka yetu, ambaye wengi mlimwita Kimya, alizaliwa tarehe 14 Machi 1971, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, mtoto wa pili wa fundi cherehani na mkunga, na mama anasema hata kulia hakulia mpaka alipofinywa. Alianza shule ya msingi mwaka 1978, akamaliza sekondari mwaka 1989, akasomea ufundi wa lifti, na kuanzia Januari 1992 alitunza lifti tatu za jengo la ghorofa tisa, kwa hiyo nyinyi mliokuwa mkifika juu bila kutoa jasho, aliyewafikisha ni yeye.

Tarehe 6 Agosti 1994, katika stoo ya chini ya jengo hilohilo, yeye na rafiki yake mwimbaji walianzisha bendi ya roki ya Kutu, watu wawili, gitaa moja la besi na kipaza sauti kimoja, wakipiga roki ambayo redio ziliikimbia, na naomba tarehe hiyo isikike vizuri, maana gazeti la juzi limeandika kwamba Kutu ilianzishwa na mwimbaji na wenzake. Wenzake gani? Mwenzake alikuwa mmoja tu, na ndiye huyu hapa ndani ya sanduku.

Wapiga ngoma walipita wanne, wa kwanza alioa akaacha bendi, wa pili aligombania kusimama katikati ya picha, wa tatu akaenda kuanzisha bendi yake, wa nne ni yule pale mwenye miwani, namheshimu kwa sababu alifika hospitali. Wapiga gitaa la solo sitawahesabu, wengine hawakukaa hata wakazoea ngazi. Mwimbaji mwenyewe aliondoka mwaka 2003 akitangaza kwamba roki imekufa, akarudi mwaka 2006 akaikuta hai, kwa sababu kaka alifungua ile stoo kila Jumamosi saa nane mchana, hata alipobaki yeye na feni.

Tarehe 19 Desemba 1998 alifunga ndoa na wifi yangu, mwalimu wa hesabu, wakajaliwa mabinti wawili, waliozoea kulala huku ukuta ukitetemeka.

Mwezi Mei 2017 mkono wake wa kushoto ulianza kutetemeka, madaktari wakasema ni ugonjwa wa mishipa ya fahamu, na tarehe 2 Septemba akapokea ujumbe wa simu kutoka kwa bendi, wa simu jamani, baada ya miaka ishirini na mitatu, kwamba apumzike, wameshapata mtu. Novemba nilimsindikiza kwenda kuwatazama, tukakaa nyuma, akasikiliza wimbo mmoja, kisha akaniambia polepole kwamba yule hapigi, anashika gitaa tu, besi inatoka kwenye kompyuta na ni yake, akanitajia na kosa alilolifanya siku ya kurekodi, mwisho wa ubeti wa pili, na kweli nikalisikia. Yaani mtu mmemfukuza, mikono yake mkabaki nayo! Nilitaka kupanda jukwaani, akanizuia kwa mkono uleule unaotetemeka, akasema nimwache yule mshika gitaa, naye ana watoto.

Alifariki Jumanne tarehe 11 Juni 2024, saa tatu asubuhi, wifi akiwa amemshika.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliovumilia besi kupita ukutani, na mafundi wenzake wa lifti waliombeba leo mabegani wakisema sasa ni zamu yao. Wanabendi, asanteni kwa kuja. Mmeomba kupiga kaburini, mmeleta spika, na yule bwana wa kushika gitaa tu amekuja nalo. Jibu la familia ni hili: spika ziwashwe, wimbo upigwe, lakini gitaa lirudi kwenye gari, na asisimame mtu yeyote mbele. Mtakaposikia kosa, mwisho wa ubeti wa pili, mjue ni yeye.

Kaka, umepiga vya kutosha, sasa mikono yako ipumzike kwa amani.