Chuma Kwenye Ini la Bi Tabia

Ndani ya bajaji iliyotoka mtaa wa Mabawa, Khadija alijifanya anasoma simu, lakini masikio yote yalikuwa kwa majirani zake wawili waliokaa kando yake. Nasri, kijana aliyemaliza kusomea fizikia chuoni juzi, alikuwa anampeleka bibi yake, Bi Tabia, hospitali. Daktari alishuku ini lake lina chuma kupita kiasi, akataka kulichoma sindano atoe kipande akipime. Bi Tabia hakutaka.

"Bibi, kuna mashine wanaijaribu huko nje. Inakumulika kwa nyutroni, vile vichembe vya ndani ya atomu, kila elementi mwilini inajibu kwa mwanga wake, chuma kinapimwa bila sindano."

"Na udongo ninaokula kwa siri?"

"Huenda ukaonekana."

"Mashine mbea hiyo!"

Khadija, mwenye kipande cha udongo mkobani, akageuza uso.

"Itafika lini Tanga?" Bi Tabia aliuliza.

Nasri hakujua kusema uongo. "Bado iko maabara."

"Basi naisubiri nyumbani."

"Ini halisubiri, bibi. Nataka ikifika uwepo, uitukane mwenyewe."

Bi Tabia alicheka. Bajaji ikasimama langoni mwa hospitali. Nasri alishuka, akamnyooshea mkono. Bibi aliutazama bila kuushika.

"Sindano yenyewe," aliuliza, "ina urefu gani?"