Beti ya Pili ya Siafu

Waombolezaji wenzangu, poleni kwa jua, haya ni maneno yangu mimi mama mzazi, kalamu sikuijua, nimesema, mwanangu Donatus akaandika, naye ndiye anayewasomea.

Loveness Mayala alizaliwa hapa Kishapu tarehe 9 Machi 1988, mvua ya mawe ikipiga bati, akasoma shule ya msingi hapa hapa hadi 2002, sekondari Shinyanga mjini, kisha akasomea ualimu wa watoto wadogo. Mwaka 2011 alianza kufundisha Kagongwa, na kwa kuwa watoto walifika darasani wanajikuna, akawatungia mashairi ya kuwachekesha, mengine mnayajua, "Kunguni mgeni, hufui hupiki, umeshiba damu, kwaheri hutaki!" Mende aliwasema, chawa na funza pia, siafu tu ndio niliomkataza, nikamwambia mwanangu, siafu akiingia unampisha, humsimangi, akimaliza haja yake ataondoka, naye akanicheka, "Mama nawe, si wadudu tu hao?"

Mwaka 2014 alifunga ndoa na Edson, mchimbaji wa Geita, wakajaliwa binti mmoja, Mbuke, mwaka 2019.

Figo zilimwanza mwaka jana, tukahangaika naye Shinyanga na Mwanza, mwisho akarudi kwangu. Mchana wa tarehe 4 Juni siafu waliingia, tukawapisha, tukatoka wote na kuku wetu, mimi nikidhani Edson kambeba mkewe, Edson akidhani nimemtoa mimi, kumbe tumemwacha kitandani. Tukamsikia ndani anaimba, "Siafu, siafu, mwenda harusini, mmevaa nyeusi, kafa nani ndani?" kikafuata kicheko cha watoto, darasa zima, na watoto wote tulikuwa nao nje.

Tulipoingia siafu walishatoka, mwilini hana hata alama, akaniambia, "Mama, wamedai beti ya pili, nimewaambia sijaitunga." Alituacha asubuhi ya tarehe 11.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliochota maji na kupika, walimu wenzake mliotoka Kagongwa. Nanyi watoto wa darasa lake, leo mwimbieni mwalimu wenu kunguni, mwimbieni mende, siafu muwaache, maana asubuhi hii nimemkuta Mbuke uvunguni mwa kitanda kile, anaimba beti ya pili, maneno yake siyatamki hapa, nikamuuliza kafundishwa na nani, akajibu, "Mama kasema niwaimbie mimi, yeye amechoka."

Ng'wanawane, mwanangu Loveness, walichodai wamekipata, usimtume mtoto tena. Kama umechoka, mama, basi pumzika kwa amani, na Mbuke mwachie bibi yake.